Vidoti vyote vimelala barabarani: walijuaje kwamba malale ya Soroti ilitoka sokoni?

kijana_wa_mpakani

Habari zenu wakubwa na wenzangu. Niko intanishipu ya afya ya mifugo kwenye sabukaunti moja huku mashariki mwa Uganda, upande wa Tororo ukishuka chini, jina silitaji maana ni padogo na watu wanajuana. Dokta wa mifugo aliyenipokea akaniambia wewe si mtoto wa kompyuta, basi nichoree ramani ya magonjwa ya ng'ombe yanayohamia kwa watu. Akanipa daftari mbili. Moja ni la ng'ombe aliowatibu nagana, yaani malale ya ng'ombe, miaka mitatu iliyopita, lingine tumenakili kutoka rejista ya kituo cha afya bila majina, kijiji na tarehe tu. Humo brusela ndio imejaa, kuna mmoja wa kushukiwa kimeta, na wagonjwa wachache wa zamani wa malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o.

Nimezunguka wiki tatu na boda ya ofisi, simu mkononi, kila kijiji nasimama nachukua GPS, watoto wananifuata wanadhani nagawa vyandarua. Juzi usiku nikafungua ramani kwenye kompyuta nikataka kulia. Vidoti vyote vimelala kando ya barabara ya lami kama mahindi yaliyomwagika kwenye lori, na pale kituo cha afya ni lundo. Upande wa kinamasi, kule ambako mimi mwenyewe mbung'o walinichoma mara mbili siku moja mpaka shati likawa na damu, hakuna kidoti. Hata kimoja!

Dokta akaangalia, akasema "kumbe magonjwa yako barabarani," akaenda zake kunywa chai. Mimi haikuniingia.

Sasa swali langu. Darasani tuliambiwa kwa sentensi moja tu kwamba malale iliyotokea Soroti mwaka 1998 ililetwa na ng'ombe walionunuliwa sokoni, mwalimu akapita akaenda kwenye kupe. Walijuaje? Hakuna aliyemwona mdudu akishuka kwenye lori, na mbung'o hana kitambulisho. Kama wao waliweza miaka ile kwa daftari na kalamu, mimi mwenye simu nakwama wapi?

Si swali la cheti tu. Bibi yangu ni wa Namutumba, husimulia hadi leo jinsi dada yake enzi za Amin alivyokuwa anasinzia na tonge la posho mkononi, mkono umesimama njiani kabla ya mdomo, watu wakasema karogwa. Alikufa bila kupimwa. Kwa hiyo nataka kuelewa.

---

mzee_wa_mitego

Kijana, shikamoo yako nimeipokea ingawa hujaitoa, marahaba. Mimi nimetega mbung'o kutokea Tororo miaka mingi, nilikuta wazee waliofanya kazi kwenye taasisi ya utafiti wa malale pale tangu ikiitwa EATRO, ya Afrika Mashariki nzima, mimi nikaingia ikiwa ya Uganda peke yake. Sasa hivi nafuga kuku, muda ninao.

Ramani yako haijakudanganya. Umeomba ikuonyeshe kitu kimoja yenyewe ikakuonyesha kingine. Hiyo ni ramani ya watu wenye nauli ya kufika kituo cha afya, na daftari la dokta ni ramani ya mafuta ya pikipiki yake. Anapofika ndipo nagana "ipo". Usimcheke, hata sisi tulikuwa hivyo, mtego uliowekwa mbali na barabara ulikuwa unakaguliwa mara moja wakati wa karibu umekaguliwa mara nne, halafu ofisini wanasema mbung'o wako wengi karibu na barabara!

Na wasiofika si wachache. Pale Serere, ndani ya Soroti ya wakati ule, waliwahi kupiga hesabu hiyo kwa malale wakaona kwa kila kifo kimoja kilichoandikwa, vingine kama 12 vilipita kimya kimya. Watu walizikwa kama malaria, kama ukimwi, kama uchawi, kama yule dada wa bibi yako, pole sana. Miaka hiyo ya Amin ilikuwa mbaya Busoga, mashamba ya kahawa na pamba yaliachwa yakaota lantana, mbung'o wakaingia hadi nyuma ya nyumba.

Turudi Soroti. Lazima ujue hali ya Teso, ndiko Soroti iliko, kwanza. Miaka ya 80 ng'ombe wao waliisha, wengine waliibwa na wavamizi kutoka Karamoja, wengine walikwisha kwenye vita. Unajua Mteso bila ng'ombe, hata mahari hakuna. Hali ilipotulia miaka ya 90 watu wakaanza kununua tena, serikali inanunulia watu, mashirika yananunua, na mtu binafsi akiuza karanga zake anaenda sokoni. Ng'ombe wanatoka wapi? Walio karibu na wa bei nafuu wako kusini, Busoga na huku kwetu Tororo, kwenye malale yenyewe. Mwisho wa 1998 wagonjwa wakaanza kuonekana Soroti, mahali ambapo malale hii haikuwa inajulikana.

Wangeweza kufanya kama wewe, waweke vidoti, waone viko wapi. Lakini wangepata lundo lako lilelile, kuzunguka hospitali. Walichofanya ni kwamba waliingia kwenye rekodi za kituo pale Serere wakachukua wagonjwa wa malale, kisha wakachukua wagonjwa wengine wa kituo hichohicho waliolazwa kwa magonjwa mengine, wawe wa kulinganisha. Umeona ujanja wake? Hao nao wamepita barabara hiyohiyo, wamelipa nauli hiyohiyo, kwa hiyo ule upendeleo wa walio karibu na kituo uko pande zote mbili unajifuta wenyewe. Kilichobaki kikawa tofauti ya kweli, nayo ilikuwa moja kubwa, wenye malale walikuwa wanakaa karibu zaidi na soko la ng'ombe la Brookes Corner.

Halafu wakaangalia tarehe. Mwanzoni hatari ilikuwa kubwa vijiji vilivyo jirani na soko, na kadiri muda unavyokwenda ile ya karibu ikapungua, ugonjwa umeshatembea kwenda nje, kama mafuta yakidondoka kwenye karatasi. Wakafungua na vitabu vya soko lenyewe, wakakuta zaidi ya nusu ya ng'ombe waliouzwa pale wametoka maeneo yenye malale. Ndio hivyo. Hakuna aliyemwona mdudu akishuka kwenye lori.

Kulibaki shimo moja. Ng'ombe ana vijidudu vya aina mbili ambavyo kwenye maikroskopu ni mapacha, kimoja kinaishia kwa mnyama kwa sababu damu ya mtu inakiua, kingine kina kinga dhidi ya damu yetu. Mimi nimeangalia slaidi maelfu, macho hayatofautishi. Ile jini inayokipa kinga inaitwa SRA, na mwaka 2001 ikatumika kupima ng'ombe wa Uganda, wakakutwa kweli wamebeba kile cha watu. Na ng'ombe wa kienyeji anakibeba amenenepa, anakula majani, anauzika vizuri tu. Huyo ndiye wa kuogopa kuliko yule aliyekonda mbavu nje, maana aliyekonda hakuna anayemnunua.

Vidole vimechoka, nitarudi.

---

fimbo_na_kamba

Mimi ni mfanyabiashara wa ng'ombe, baba yangu pia, naomba na mimi niseme maana kila kukizungumzwa ugonjwa ni "ng'ombe wa sokoni, ng'ombe wa sokoni" kama vile sisi ndio tunawazaa hao vijidudu.

Mzee nakuheshimu na ulichosema kuhusu Brookes Corner ni kweli. Ila kijana sikiliza jinsi ng'ombe anavyotembea halafu uniambie utamweka kidoti wapi. Mwaka jana nilinunua dume mwekundu mwenye pembe moja iliyovunjika, kwenye kasoko ka kichochoroni ambako hakana hata choo. Aliyeniuzia naye alimtoa kwa shemeji yake siku nne nyuma, shemeji alipewa mahari kutoka wilaya nyingine. Nikamlaza kwa mtu njiani usiku mbili, nikalipa, akalishwa kinamasini na ng'ombe wa mwenye nyumba, ndama wake, mbuzi, wote pamoja. Nikafika soko kubwa, pamiti, kile kibali cha kusafirisha ng'ombe, ikaandikwa pale. Kwenye pamiti anakotoka ni wapi? Hapo hapo sokoni! Yule dume kapita mikono minne na wilaya tatu lakini karatasi inasema alizaliwa juzi kwenye geti.

Kwa hiyo ukisoma vitabu vya soko usidhani umeona yote, nusu ya safari haimo.

Na habari ya kuchoma sindano sokoni. Nimewahi kufika mahali mimi mwenyewe naomba ng'ombe wangu wadungwe nikaambiwa dawa imeisha lipa tu upewe stempu. Nikalipa nikapata stempu. Sitataja soko. Siku nyingine dawa ipo lakini wameichanganya na maji mpaka ina rangi ya chai ya mara ya tatu. Halafu kesho ugonjwa ukitokea wanapiga karantini wanafunga soko mwezi, miezi, na mimi nina watoto shuleni. Mkifunga soko ng'ombe hawasimami, wanapita usiku, na huko usiku hakuna pamiti wala daftari wala ramani. Ramani yako itakuwa safi kabisa kama sahani ya mgeni.

---

nesi_wa_milimani

Habari za huko mashariki. Mimi ni nesi huku Kigezi, hatuna malale, lakini kijana kuna kosa moja tulilifanya sana huku nikaona nikuambie.

Rejista inauliza unakaa wapi, haimuulizi mtu unafanya nini. Machi 2016 Kabale ilipata homa ya Bonde la Ufa, mara ya mwisho kuthibitishwa Uganda ilikuwa 1968 kwa hiyo wengi wetu hatukuwa hata tunaiwaza, tunaona mtu ana homa anatoka damu tunafikiria Ebola au Marburg. Sampuli zilienda Entebbe, UVRI, taasisi ya utafiti wa virusi, ndiko ikajulikana. Mgonjwa wa mwanzo kujulikana alikuwa mchinjaji. Sasa mchinjaji ukimweka kidoti nyumbani kwake umeweka kidoti mahali analala. Ugonjwa kaupata kwenye damu, machinjioni, na yule mnyama naye alikuja kwa miguu kutoka mahali pengine. Watu wamezoea kusikia kwamba hiyo homa ni ya mbu, ni kweli inaenezwa na mbu, lakini mtu anaipata zaidi akishika damu au mimba iliyotoka kabla ya wakati, bila glavu.

Nina mama mmoja ambaye kwangu ni kama mwalimu. Anaosha matumbo machinjioni alfajiri, anauza mjini saa sita, anarudi kulala mlimani kwa binti yake ambako hawana hata mbuzi. Alikuja mara tatu na homa ya kupanda na kushuka, viungo vinauma, jasho la usiku, na mara zote tatu akapewa dawa ya malaria. Ya nne nikamuuliza "mama mikono yako mbona imepasuka hivyo?" akaniambia ni kazi ya maji na chumvi. Hapo ndipo nikaagiza apimwe brusela. Tungemchora kwenye ramani angekuwa kidoti cha brusela kwenye kijiji kisicho na mnyama hata mmoja, na kuna mtaalamu angekuja kutafuta maziwa ambayo hayapo.

Kingine, hiyo brusela iliyojaa kwenye rejista yako uliza walipima na nini. Kile kipimo cha haraka cha kliniki nyingi kinasema ndio hata kwa asiye nayo. Baadhi ya vidoti vyako huenda ni hewa tu.

Na mwisho ndugu yangu, kama kijiji kina nyumba 30 usiweke GPS ya mlango wa mtu kwenye ramani itakayobandikwa ukutani. Watajua ni nani, maziwa yake hayatanunuliwa tena, na mwakani hatakuja kupima. Sogeza, au weka parishi nzima, yaani vijiji kadhaa pamoja.

---

koboko_boy

swali dogo tu, huku West Nile wazee wetu walikuwa wanapimwa malale sana, watu wanachomwa kidole kijiji kizima, wengine uti wa mgongo. Je na sisi ni ng'ombe? maana sijawahi kusikia mtu analaumu ng'ombe huku

---

mzee_wa_mitego

Hapana mwanangu wa Koboko, ya kwenu ni ndugu mwingine wa familia hiyo. Gambiense inatoka kwa mtu kwenda kwa mtu kupitia mbung'o, inakula pole pole miaka, ndio maana walikuwa wanapita kijiji kwa kijiji kupima hata wasiojisikia wagonjwa. Ya huku mashariki, rhodesiense, ni ya haraka, miezi tu mtu amekwisha, na stoo yake ni ng'ombe. Uganda ndiyo nchi pekee yenye zote mbili. Ya kwenu shirika la afya duniani lilikubali mwaka 2022 kwamba si tatizo la afya ya umma tena Uganda, kwa hiyo wazee wako hawakuchomwa bure.

Na hapa ndipo ramani ilitutia jasho. Baada ya Soroti ugonjwa ukaendelea kupanda kaskazini, Kaberamaido, Dokolo, kila palipoenda ng'ombe. Ukiweka ramani mbili mezani, ya kwenu inashuka na ya kwetu inapanda, nafasi katikati inapungua kila mwaka. Dawa hazikuwa sawa! Daktari alikuwa anaamua dawa kwa kuangalia mgonjwa katoka upande gani wa nchi, maana kwenye maikroskopu, nimeshasema, ni mapacha. Zikikutana angeanza kubahatisha.

Kwa hiyo 2006 ikafanywa kampeni kubwa wilaya tano, Lira, Dokolo, Apac, Amolatar, Kaberamaido. Hawakudunga watu, walidunga ng'ombe, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa udaktari wa mifugo Makerere ndio walitumwa huko na mabomba mgongoni. Dawa ya kupulizia walikuwa wanaelekeza miguuni na tumboni tu, kwa sababu mbung'o anapenda kuuma huko chini, unaokoa dawa na mfugaji anapata unafuu. Hii ya miguu na tumbo naipenda kwa sababu ilitoka kwa mtu aliyekaa akamtazama mbung'o anatua wapi badala ya kusoma mkebe.

Kwako fimbo_na_kamba, hiyo stempu bila sindano siwezi kubisha, niliziona. Wewe lakini ndiye ramani yenyewe unayotembea. Kijana amsikilize huyu kuliko mimi.

Halafu nimekumbuka kitu cha mwanzo kabisa. Mwaka 1903 pale Entebbe, wakati watu wanakufa kando ya ziwa kwa mamia, waliokufa mpaka janga linaisha wanakadiriwa zaidi ya laki mbili, daktari Mwingereza Bruce na wenzake waliokuwa wanachunguza ugonjwa hawakuwa na gari wala simu. Machifu na wamisionari waliombwa wakamate nzi wa kwao na kuwatuma, kila pakiti imeandikwa imetoka wapi na kama ugonjwa upo huko, na Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Apolo Kagwa akasimamia upande wake. Wakachora ramani mbili, ya wagonjwa na ya mbung'o, Waganda wanamwita kivu. Zikalaliana ukingoni mwa ziwa. Ni pakiti za nzi waliokauka zilizochora, wala si GPS. Walioishika kalamu wakaandikwa kwenye vitabu, waliokimbiza nzi na nyavu hawakuandikwa.

---

eksel_na_mihogo

nitakuwa mfupi niko kazini. 1) kidoti bila idadi ya ng'ombe hakina maana, kijiji chenye ng'ombe 400 na wagonjwa 4 si sawa na chenye ng'ombe 20 na wagonjwa 4, omba hesabu ya mifugo hata ya LC1, mwenyekiti wa kijiji. 2) ukichanganya rekodi za zamani angalia mipaka, Serere ilikuwa ndani ya Soroti hadi 2010, Dokolo ilikatwa kutoka Lira 2006, ukipakia faili ya wilaya za leo juu ya daftari la 1999 utapata wagonjwa wamehama bila kuhama. 3) QGIS, programu ya kuchora ramani, ni bure acha kulia. 4) nesi kasema kweli kuhusu mlango wa mtu

---

kijana_wa_mpakani

Jamani asanteni, mzee shikamoo sasa hivi rasmi. Nimekaa kimya siku kumi kwa sababu nilirudi vijijini.

Nilifanya hivi. Niliacha rejista ya kituo nikachukua daftari la dokta, nikawatafuta wenye ng'ombe wa nagana niliowapata, na swali langu likawa moja tu, huyu ng'ombe ulimtoa wapi na kabla ya hapo alikuwa wapi. Wengine walinifukuza, walidhani ni kodi. Mzee mmoja alinikalisha saa nzima, akanihesabia ng'ombe kwa rangi, huyu wa madoa ni mahari ya Nekesa, huyu mweusi ni wa ada ya shule aliyerudi baada ya mtoto kufeli, yaani kichwani mwake mna pamiti zote ambazo fimbo anasema hazipo. Badala ya vidoti nikachora mistari. Mistari mingi sana inapita mahali pamoja ambapo kwenye ramani yangu ya kwanza palikuwa peupe, ni kasoko kadogo chini ya mwembe karibu na kisima, siku moja kwa wiki, hakana jina kwenye karatasi yoyote ya ofisi. Kako umbali wa kutupa jiwe na kinamasi.

Kuhusu lundo la kituoni, mzee ulisema kweli, nikachukua wagonjwa wa kuvunjika mifupa wa kituo hichohicho nikawaweka rangi nyingine. Wamelala barabarani vilevile! Boda boda zinaanguka lakini si zote barabarani mlangoni kwa kituo hahaha. Kwa hiyo lile lundo nimelifuta moyoni.

Ila lililoniacha mdomo wazi ni upande wa kinamasi. Nilimuuliza mama mmoja wa huko mbona hamna wagonjwa kwenye rejista, akanicheka. "Mwanangu, sisi tunatibiwa Kenya." Ng'ambo ya mto kuna zahanati, unavuka kwa mguu kiangazi, kwa mtumbwi mvua ikinyesha, ni karibu mara tatu kuliko kituo chetu na foleni ni fupi. Rejista yao iko upande wa pili. Ng'ombe nao wanavuka kunywa na kurudi jioni. Mimi ramani yangu nilikuwa nimeikata kwa mkasi mpakani kwa sababu faili ya mipaka ndivyo ilivyokuja.

Dokta nimemwonyesha. Hakusema kitu, lakini hakwenda kunywa chai. Kaandika barua ya kumwomba mwenzake wa ng'ambo, sasa tunangoja. Ninachotaka kabla ya hapo ni kukaona kale kasoko siku yenyewe, ila nikienda peke yangu watatawanyika.

---

fimbo_na_kamba

Hako nakajua. Ni Alhamisi. Nipigie, namba yangu nimekutumia pembeni. Uwe umefika saa kumi na moja alfajiri, saa moja watu wameshamaliza. Usije na boda ya ofisi wala ile fulana yenye nembo.

---

kijana_wa_mpakani

Nije na daftari?

---

fimbo_na_kamba

Njoo na fimbo. Daftari liache kwenye begi mpaka wakuzoee, wiki ya kwanza hesabu kwa kichwa kama yule mzee wa madoa. Na kama utakuta wanauza dume mwekundu mwenye pembe moja iliyovunjika niambie, nilimuuza mwezi wa sita, nataka kujua amefika wapi.